Duka la mtandaoni limegoma kufunguka: mafaili huharibikia wapi kati ya Unguja na seva?

Ujumbe wa WhatsApp wa namna hii wengi wetu tulioko Muscat, London au Toronto tunaufahamu: "Kaka, duka limekataa." Aliyeuandika yuko Mji Mkongwe. Anauza kanga, mikoba ya ukili, viungo na sabuni za mwani, na duka lake la mtandaoni lilikuwa likifunguka vizuri kwenye laptopu. Alipolipandisha kwenye seva, ulitokea ukurasa mweupe, au namba 403, au bidhaa zote zipo ila picha hazionekani. Sisi wa nje ndio tuliolipia seva kwa kadi ya benki, basi lawama zote zinaishia kwetu. Na jibu letu la haraka, "futa, pandisha upya", mara nyingi ndilo baya kuliko yote. Linamaliza bando, linakula usiku mzima, na kosa linabaki palepale.

Safari yenyewe

Zanzibar iliunganishwa na dunia kwa waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari mwaka 1879, kwenye njia iliyotoka Aden kwenda kusini hadi Durban. Leo faili linalotoka Shangani, Mji Mkongwe, huvuka kwanza hadi Dar es Salaam, ambako nyaya za SEACOM, ulioanza kazi Julai 2009, na EASSy, ulioanza 2010, zinatia nanga. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Umeme wa Unguja nao unatoka bara kwa waya wa baharini, na mfumo huo ulipoharibika Disemba 2009, kisiwa kilikaa bila umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu.

Hata siku za kawaida mtandao hukatika kidogo na umeme hucheza. Duka lililojengwa kwa WordPress na WooCommerce lina maelfu ya mafaili madogo. Likikatika moja tu katikati, ukurasa mweupe huo! Kwa hiyo jambo la kwanza ni kulinganisha ukubwa wa mafaili ya laptopu na yale ya seva. Faili lenye baiti 0 kwenye seva ndilo mtuhumiwa wako. Pandisha hilo peke yake. Ukianza upya kabisa, funga kila kitu kwenye zipu moja, pandisha zipu hiyo, kisha uifungulie hukohuko kwenye seva.

Chombo cha mwaka 1971

Wengi bado wanapandisha mafaili kwa FTP, utaratibu ulioandikwa mwaka 1971 na Abhay Bhushan, akiwa mwanafunzi wa MIT. Wakati huo hapakuwa na rauta za nyumbani wala simu za kugawa intaneti. FTP hufungua njia mbili: moja ya amri, nyingine ya kubebea mafaili, na kwa desturi ya zamani seva ndiyo inayorudi kukufungulia ile ya pili. Ukiwa nyuma ya rauta ya mtandao wa simu, seva haikufikii. Ndiyo maana nenosiri linakubaliwa, halafu orodha ya mafaili haitokei. Dawa yake ni kuchagua hali ya pasivu kwenye mipangilio ya programu, ili laptopu yako ndiyo ifungue njia zote mbili.

Kuna tatizo jingine la zama hizo. FTP inaweza kubeba faili kama maandishi au kama lilivyo. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja, kwa hiyo hali ya maandishi hupunguza alama njiani. Kwa maandishi hakuna neno. Picha ya kanga ikipita hivyo huharibika: inafika ikiwa pungufu kwa baiti chache na haifunguki. Hamia SFTP, ambayo pia hulificha nenosiri lako njiani. FTP hulipeleka wazi. Chrome yenyewe iliondoa FTP Oktoba 2021.

Jina, ruhusa na faili lililojificha

Windows haitofautishi Kanga.JPG na kanga.jpg. Seva nyingi ni za Linux, na kwake hayo ni mafaili mawili tofauti. Picha ikionekana kwenye laptopu na kupotea kwenye seva, anza kutazama herufi kubwa. Mazoea mema ni kuandika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi.

Namba 403 mara nyingi ni suala la ruhusa. Linux huhesabu 4 kwa kusoma, 2 kwa kuandika na 1 kwa kuendesha, kwa mwenye faili, kundi lake na watu wengine. Mafaili yawe 644, folda 755. Mtu akikushauri uweke 777 ili "limalizike", mkatalie: umempa kila mtumiaji wa seva ile haki ya kuandika dukani mwako.

Ukurasa wa mwanzo ukifunguka lakini kila bidhaa ikaleta 404, tafuta faili la .htaccess. Jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo kwenye Mac na Linux hujificha, nawe ukanakili folda nzima ukaliacha. Kwenye WordPress, ingia mipangilio ya viungo vya kudumu, hifadhi tena bila kubadilisha kitu, nayo italiandika upya ikiwa ina ruhusa ya kuandika hapo.

Picha nzito na anwani ya zamani

PHP, lugha inayoendesha WordPress, isiporekebishwa hupokea faili lisilozidi megabaiti 2. Picha ya simu ya siku hizi huvuka hapo kirahisi. Tena picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikifunguliwa ndani ya kumbukumbu ya seva huchukua takriban megabaiti 48, hata kama faili lenyewe ni dogo, na seva huifungua ili kutengeneza nakala ndogondogo. Punguza upana hadi pikseli 1200 kabla ya kupandisha. Bando litapona, na mteja mwenye simu ya kawaida hatangoja.

Hifadhidata nayo hukumbuka ilikozaliwa. Duka lililotengenezwa kwenye laptopu limeandikwa ndani yake http://localhost, kwa hiyo fundi anaona picha zote huku mteja wa Muscat haoni hata moja. Usibadilishe anwani hiyo kwa tafuta-na-badilisha ya kawaida. Baadhi ya taarifa huhifadhiwa pamoja na idadi ya herufi zake, na http://localhost ina 16. Ukiweka anwani ndefu na namba ikabaki 16, taarifa ile haisomeki tena. WP-CLI, chombo cha kuendesha WordPress kwa amri, ina amri ya search-replace inayohesabu upya.

Mwambieni hivi

Ujumbe mwingine ukija, msiseme "futa". Ombeni mambo matatu: namba ya kosa, ukubwa wa faili pande zote mbili, na mstari wa mwisho wa faili liitwalo error_log. Mstari huo kwa kawaida hutaja faili lenye kasoro na hata mstari wake. Na kabla hamjagusa kitu, chukueni nakala ya hifadhidata, kwa sababu oda za wateja zimo humo. Mafaili ya duka hupandishwa tena. Oda iliyofutwa hairudi.