Mteja anaandika "mashuka 6x6", wewe umeandika nini? Programu za maneno ya Google nilizojaribu

Leo naongelea kitu kilichonila hela ya kodi ya fremu, ili wewe kisikule.

Mimi nauza mashuka na mapazia hapa Buguruni, mzigo nafuata Kariakoo. Mwaka jana nilifungua tovuti ndogo ya duka. Nikasikia kuna programu za kulipia zinazokuelekeza namna ya kuandika tangazo ili mtu akitafuta Google akukute juu. Nikalipia moja kwa kadi ya mtandaoni, laki mbili na ushee kwa mwezi, hela niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya kodi.

Nikaiwekea neno "shuka". Programu za aina hii zinasoma kurasa zinazotokea juu Google kwa neno hilo, halafu zinakwambia uongeze maneno yaliyomo humo. Ikaniambia niongeze Maasai, nyekundu, Kenya. Kumbe huko kwenye kurasa za Kiingereza "shuka" ni ile ya Kimasai! Mi nauza za kitandani. Ila kwa sababu ilikuwa inatoa maksi, nikatii. Nikafika 91 kwa 100.

Mteja mmoja wa Tabata akanipigia: "Dada samahani, hili duka lipo kweli? Mbona tangazo limeandikwa kama la matapeli?" Maksi 91, mauzo hakuna. Mwezi uliofuata ikanikata tena yenyewe, nikaenda kumwomba mwenye fremu anivumilie wiki mbili.

Baada ya hapo nikakaa nikajaribu nyingine moja moja. Majibu yangu haya hapa.

1. Kisanduku cha Google chenyewe. Bure. Andika "mashuka" taratibu, usibonyeze kutafuta, angalia maneno yanayojitokeza chini. Hayo yanatokana na vitu watu wanavyotafuta kweli. Fungua kwa ukurasa wa siri ili Google isikuletee mambo yako ya jana. Fanya hivyo hivyo kwenye TikTok na Instagram. Kwa muuzaji mdogo, hii ndiyo namba moja.

2. Google Trends. Bure, na huhitaji akaunti. Chagua Tanzania, linganisha maneno kadhaa. Angalizo: ile 100 unayoiona siyo idadi ya watu. Maana yake ni wakati neno lilipotafutwa zaidi, na namba nyingine zinapimwa kwa hiyo. Inafaa kujua msimu na kujua neno lipi lina nguvu kuliko jingine. Neno likitafutwa na wachache haikuonyeshi kitu.

3. Keyword Planner ya Google. Inataka ufungue akaunti ya matangazo ya Google Ads. Usipolipia matangazo inakupa makadirio mapana, mfano kati ya 100 na 1,000 kwa mwezi. Siyo mbaya. Kuwa makini tu usije ukawasha tangazo bila kujua.

4. Google Business Profile, ile iliyokuwa inaitwa Google My Business mpaka 2021. Bure. Hii inaliweka duka lako kwenye ramani. Likishathibitishwa, inakuonyesha maneno watu waliyoandika mpaka wakakuona, na wangapi wamebonyeza kukupigia. Kama una fremu, fungua leo.

5. Search Console. Bure pia, ila lazima uwe na tovuti yako. Inakwambia watu walitafuta neno gani, ukatokea nafasi ya ngapi, na wangapi walibonyeza. Kama unauzia Instagram tu, ipite.

6. Yoast. Ni ya kuongeza kwenye tovuti za WordPress, ina toleo la bure. Nzuri kukukumbusha kichwa cha habari na maelezo ya picha. Tatizo lake ni Kiswahili. Kwa lugha inazozijua, toleo la kulipia linaelewa umoja na wingi ni neno moja. Kwetu sisi neno linabadilika mbele: kiatu viatu, kitenge vitenge, gauni magauni. Nilipoweka "shuka" na kuandika "mashuka", ikanilaumu neno halipo. Taa nyekundu ikiwaka kwa sababu hiyo, achana nayo.

7. Semrush na Ahrefs. Hizi ni za makampuni. Kifurushi cha kawaida cha Semrush ni zaidi ya dola 100 kwa mwezi. Kazi zinaijua, lakini maneno mengi ya Kiswahili niliyoyaweka yalirudi na sifuri. Sifuri hiyo isikutishe, wateja wapo na wananunua. Ahrefs wana sehemu ya bure kwa mwenye tovuti, inatosha kukagua kama ina makosa.

Sasa kuna chombo cha nane ambacho hakiuzwi: simu yako. Nilifungua WhatsApp nikasoma meseji za wateja za miezi mitatu, nikaandika kwenye daftari swali la kwanza la kila mtu. Karibu wote waliandika saizi: "mashuka 6x6 bei gani", "una 5x6 za pamba", "mnatuma mikoani". Hakuna hata mmoja aliyeandika "shuka bora za kifahari", maneno niliyokuwa nimeyajaza kila mahali.

Tangazo la zamani: "Karibu ujipatie shuka bora, shuka za kifahari, shuka nyekundu za Maasai style, shuka kwa kila mtu."

La sasa: "Mashuka ya pamba 5x6 na 6x6, shuka mbili na foronya nne. Duka lipo Buguruni, Dar es Salaam. Tunatuma mikoani kwa basi." Chini naweka bei. Umoja upo, wingi upo, saizi ipo, mahali papo, na mtu akisoma haoni utapeli.

Siku hizi anayepiga anauliza rangi zilizobaki. Haniulizi tena kama duka lipo.

Kama bado unataka kujaribu ya kulipia, weka kwenye kadi hela ya mwezi mmoja tu, na ufute usajili siku hiyo hiyo uliyolipia. Ila anza na daftari kwanza. Leo usiku chukua meseji 30 za mwisho, andika maneno ya wateja kama walivyoyaandika wenyewe, kisha yatafute kwenye tangazo lako. Kama hayamo, umeshajua pa kuanzia.