Kizibo cha Zebaki Jinoni: Kitolewe au Kiachwe?

Kama gego lako lilizibwa zamani kwa madini ya rangi ya fedha, yale ambayo baadaye hugeuka kijivu hata meusi, basi una zebaki kinywani. Karibu nusu ya uzito wa madini hayo, yaitwayo amalgamu, ni zebaki. Iliyobaki ni fedha, bati na shaba.

Hofu huanzia hapo, maana mvuke wa zebaki ni sumu ya mishipa ya fahamu. Lakini zebaki iliyokwisha kushikana na madini mengine hutoa mvuke kidogo mno. Huongezeka kizibo kinapochimbwa kwa mashine. Ndiyo maana mwaka 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilishauri kwamba kizibo kizima kisiondolewe, isipokuwa kwa sababu ya kitabibu, kama mzio. Tena ukichimba kizibo unachimba na jino, na jino la mtu mzima likishapungua halioti tena.

Kompositi, kile kizibo cheupe kinachotamaniwa, ina masharti. Ni resini iliyochanganywa na chembe za kioo. Daktari huiweka tabaka kwa tabaka, kila moja akiigandisha kwa taa ya bluu, na jino sharti liwe kavu. Mate yakiingia haishiki, na uozo hupenya pembeni. Tafiti zilizolinganisha aina hizi mbili za vizibo kwenye magego zimeona kompositi ikiharibika karibu mara mbili zaidi.

Hata hivyo, amalgamu inaondoka. Umoja wa Ulaya uliikataza kuanzia Januari 2025, na Novemba mwaka huo nchi za Mkataba wa Minamata, unaodhibiti zebaki, zilikubaliana ikome ifikapo 2034. Minamata ni mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliingia baharini, ikawafikia watu kupitia samaki, wakapooza na kufa. Mabaki ya amalgamu yanayooshwa kwenye sinki za kliniki nayo huelekea majini.

Katika njia mbadala, Tanzania ina la kujivunia: katikati ya miaka ya 1980 ndiko ilikoanzia njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, bila umeme, kisha kuziba. Leo huzibwa kwa glasi ayonoma, isiyo na zebaki na yenye kutoa floraidi.

Tundu jipya, hasa la mtoto au mjamzito, lizibwe bila zebaki. Kizibo cha zamani kikipasuka, kikilegea au jino likioza pembeni yake, muombe daktari akibadilishe, alifunike jino kwa mpira na kufyonza vumbi lote. Mjamzito mwenye kizibo kizima asikiguse mpaka ajifungue na amalize kunyonyesha.