Vitako Bapa vya Mawingu ya Jangwani

Mwaka 1925 Maynard Dixon, mchoraji wa Kimarekani aliyezaliwa California mwaka 1875, alichora kwa rangi za mafuta picha iitwayo Cloud World, yaani "Ulimwengu wa Mawingu". Jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani limepewa ukanda mwembamba tu chini ya picha. Kwingine kote ni mbingu, na humo mawingu meupe yamejipanga safu nyuma ya safu hadi upeo wa macho. Vichwa vyake vimefura kama pamba. Vitako vyake vyote ni bapa, kana kwamba vimekaa juu ya kioo.

Dixon aliwahi kuchorea majarida, kazi ipendayo mistari mikavu. Je, ubapa huo ni pambo la mchoraji? Yafaa fizikia iulizwe kwanza.

Hewa iliyopashwa joto na ardhi hupanda, hutanuka, na hupoa kwa nyuzi 10 hivi za Sentigredi katika kila mita 1,000. Joto la umande, yaani kiwango ambacho mvuke huanza kugeuka matone, nalo hushuka, lakini kwa nyuzi 2 tu hivi. Basi tofauti kati ya viwango hivyo viwili hupungua kwa nyuzi 8. Ni sawa na mita 125 kwa kila uzi mmoja. Hewa ya jangwani yenye nyuzi 35, na joto la umande la nyuzi 7, haifanyi wingu mpaka ifike mita 3,500. Hewa nyevu yenye nyuzi 31 na 24 hulifanya kwenye mita 875 tu.

Kwa kuwa hewa ya eneo pana la jangwa hulingana, mawingu yake huanzia kimo kimoja. Ubapa ule, kwa hiyo, ni mpaka wa maumbile. Tena, vitako vilivyo kimo kimoja huonekana kushuka kuelekea upeo kadiri vilivyo mbali, na ndiyo maana jicho la mtazamaji huvutwa mbali hivyo.

Kimo hicho pia hueleza mapazia ya mvua yanayokatikia angani: matone hukauka njiani, hupoza hewa, nayo hewa hiyo nzito huporomoka na kutimua vumbi.

Hata hivyo, vitako halisi vina kingo zilizochakaa. Dixon amezinyoa, na hapo ameichagulia picha. Shule yenye vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kilichovikwa kitambaa chenye maji, inaweza kupata joto la umande kutoka kwenye jedwali, kukadiria kimo cha mawingu ya adhuhuri, kisha kuyachora.