Picha Inakimbia kwa Jiwe Letu, Lakini Bei Inakimbia Wapi?

Siku moja, tukitoka mkutano wa sendika, mvua ilitukuta Birere. Tukajikinga ndani ya nyumba moja ya michezo, pale watoto wanalipa mafranga kidogo wacheze mupira kwenye kompyuta. Picha ilikuwa inakwamakwama. Mchezaji anapiga shuti, mupira unasimama hewani, watoto wanapiga kelele. Fundi akazima mashine, akaifungua mbele yetu, akatoa kadi moja yenye feni.

"Ba papa, hii njo inachoraka picha," alituambia. "Na ndani yake iko jiwe yenu."

Tulicheka, kisha tukakaa kumsikiliza.

Kioo cha kawaida cha kompyuta kina vidoti 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni 2. Ili mupira uonekane unaenda vizuri, vidoti vyote vinachorwa upya mara 60 kwa kila sekunde. Hesabu hiyo inapita milioni 124. Bongo kuu la kompyuta linachoka. Njo maana mwaka 1999 kampuni ya NVIDIA ilitoa GeForce 256, kadi iliyobeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Sisi wachimbaji tunaelewa haraka: bongo kuu ni kama fundi mmoja hodari mwenye chombo kikubwa, kadi ni kama ekipe ya watu elfu, kila mmoja na mwiko wake mdogo, wote wanapiga pamoja.

Ekipe hiyo inakula umeme kwa ghafla. Kwa hiyo kando yake kunawekwa vidude vidogo, kondensateri, vinavyotunza umeme na kuutoa palepale unapohitajika. Vingine vinatengenezwa kwa tantali, na tantali inatoka kwenye koltani yetu: inatunza umeme mwingi mahali padogo, na inavumilia joto. Risasi inayounganisha vyote ina bati, linalotoka kwenye kasiterite, kama ile ya Bisie kule Walikale. Hatusemi kadi ile ya Birere ilitoka Rubaya. Kwa macho hakuna anayeweza kujua. Lakini ripoti za Umoja wa Mataifa zinasema Rubaya peke yake inatoa karibu 15% ya tantali ya dunia.

Wenye umri wetu wanakumbuka mwaka 2000. PlayStation 2 ilitoka, telefoni za mkononi zikaenea, viwanda vikagombania tantali. Bei duniani ikapanda zaidi ya mara tano. Kule Masisi watu waliacha mashamba, wakaenda mlimani. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Tulidhani ni négociant tu anatuibia. Kumbe viwanda vilikuwa vimejaza depo, na vingine vilishaanza kutumia kondensateri za seramiki. Hakuna mtu aliyekuja kutuambia.

Leo iko jambo lingine. Fundi alipangusa kwanza vumbi letu la volkano lililoziba feni, sababu kadi ikipata joto sana inapunguza mwendo yenyewe. Kisha akawasha programu inayoitwa FSR, ya kampuni ya AMD, iliyotoka mwaka 2021. Kadi inachora picha ndogo, ya vidoti 1280 kwa 720, hata nusu ya ile kubwa haifiki. Halafu programu inaikuza kwa hesabu mpaka ijaze kioo. Picha ikaanza kukimbia. NVIDIA nao wana yao, DLSS, lakini inadai kadi zao mpya.

Muone sasa mambo haya mawili. Programu moja inaongezea kadi ya zamani maisha, na kadi mpya inaweza kungoja. Nyingine inasukuma watu wanunue mpya. Na kadi za aina hiyo zinanunuliwa sasa kwa maelfu kwa kazi za akili bandia. Hesabu iliyofanywa ofisini mbali inaweza kupandisha au kushusha mkate wa nyumba zetu, na sisi tuko shimoni, mvua juu, mlima unaweza kuanguka.

Njo maana tunaomba vitu viwili kwa kila koperative. Cha kwanza: bei ya siku iandikwe ubaoni mahali pa mizani, kila mmoja asome. Cha pili: mchimbaji aonyeshwe teneur, yaani asilimia ya tantali ndani ya mchanga wake, mbele ya macho yake, mbele ya kulipwa. Bila hiyo, bei ya dunia ipande ao ishuke, sisi tutaambiwa tu kwamba imeshuka.

Fundi yule alitufungia mashine bila kudai kitu. Baba yake alikuwa mchimbaji, alisema. Yeye pia anaishi kwa jiwe lilelile, lakini anajua linafanya kazi gani, na bei ya kazi yake anaitaja mwenyewe.