Kinyago na Hofu: Mchango wa Mario Bava katika Filamu za Giallo kwa Mwanga wa Mapiko ya Wamakonde

Makala haya yanafafanua mchango wa Mario Bava (1914–1980), mwongozaji wa filamu kutoka Italia, katika utanzu wa giallo. Ufafanuzi unatumia mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde waishio pande zote mbili za Mto Ruvuma. Hoja kuu ni kwamba kinyago hakitishi kwa sura yake tu, bali kwa kumfuta mtu anayekivaa.

Neno giallo lina maana ya rangi ya njano. Lilitokana na majalada ya riwaya za upelelezi zilizochapishwa na kampuni ya Mondadori kuanzia mwaka 1929. Bava, aliyewahi kuwa mpigapicha wa filamu, alitoa La ragazza che sapeva troppo (1963), inayotajwa mara nyingi kuwa giallo ya kwanza. Mwaka 1964, katika Sei donne per l'assassino, aliweka mwonekano ulioigwa na waliomfuata, akiwemo Dario Argento: taa za rangi kali, na muuaji mwenye koti, kofia, glavu nyeusi na kitambaa kinachoficha uso wote.

Katika filamu hiyo, polisi wanawashikilia watuhumiwa, lakini mauaji yanaendelea. Hatimaye hubainika kwamba vazi lilivaliwa na watu wawili, mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo kinyago si mtu. Ni nafasi ambayo yeyote anaweza kuingia.

Lipiko nalo hufunikwa nguo mwili mzima, na wasiopitia jando huambiwa kuwa ni mzimu. Jandoni, vijana hufunuliwa kuwa ndani yake mna mtu. Hapo ndipo tofauti inapojitokeza. Ufunuo wa jandoni humaliza hofu na kuanzisha wajibu, kwani kijana hukabidhiwa siri ailinde. Ufunuo wa Bava haumkabidhi mtazamaji chochote: polisi walidhani wanamsaka kichaa, kumbe nyuma ya kitambaa mna tamaa ya mali.

Hata hivyo, katika sanaa zote mbili hofu huelekezwa kwanza kwa wanawake, jambo ambalo mhakiki hapaswi kulipita kimya.

Kwa kuhitimisha, makala yanapendekeza kwamba filamu za Kiswahili zinazotumia vinyago zihakikiwe kwa swali hili: nani ana haki ya kujua aliyemo ndani, na akishajua anawajibika kwa nani? Mwongozaji anayekifanya kinyago pambo la uchawi tu hulikwepa swali hilo.