Kioo cha Picha: Kazi ya Mkwaruzo Mmoja

Katika afisi za serikali ya Kenya ni desturi kutundika ukutani picha ya Rais. Ng'ambo ya mpaka, katika afisi za Tanzania, picha ya Rais hutundikwa pia, na mara nyingi ya Mwalimu Nyerere huwa kando yake. Mtu atokaye Lunga Lunga kwenda Horohoro huweza kuziona zote kwa mwendo mfupi. Nyumbani naye ana zake: picha ya arusi, cheti cha shule cha mwanawe, au picha ya pekee iliyobaki ya marehemu babake. Zote hulindwa na kipande chembamba cha kioo, ambacho unene wake kwa kawaida ni milimita 2.

Watu wengi hudhani ya kuwa kioo hukatwa kama ubao ukatwavyo kwa msumeno. Kwa kweli fundi hukikwaruza tu, kisha hukivunja penye mkwaruzo. Zamani chombo cha kazi hiyo kilikuwa na ncha ya almasi. Tangu karne ya 19 kimetumika kigurudumu kidogo cha chuma kigumu.

Kwanza kioo husafishwa, maana chembe moja ya mchanga yatosha kulirusha gurudumu na kuacha pengo katika mstari. Kisha hulazwa juu ya meza iliyo sawa, iliyotandikwa blanketi kuukuu. Gurudumu huchovywa katika mafuta ya taa, huegemezwa kwenye rula, nalo huvutwa kutoka ukingo hadi ukingo bila kusita. Sauti njema ni kama ya kitambaa kinachopasuka polepole. Unga mweupe ukitoka, mkono umekandamiza mno.

Mstari ukiisha kupita haurudiwi. Ukirudiwa, gurudumu huharibika na ufa hupotea njia. Wala kioo hakiachwi kingoje hadi kesho. Njiti ya kiberiti huwekwa chini ya mwanzo wa mstari, mikono hukandamiza pande zote mbili kwa pamoja, nacho huachana. Maji yakimwagika hayazoleki. Kadhalika ufa ukienda kombo haurudishwi.

Hapo ndipo ilipo faida au hasara ya fundi. Kioo kitokacho Mombasa husafiri karibu kilomita 100 kabla ya kufika Lunga Lunga, tena hakina budi kusimamishwa wima garini, kwa kuwa kikilazwa huvunjika upesi kwa mtikisiko. Kila kipande kinachoharibika kimekwisha kulipiwa nauli. Kwa hiyo fundi mwenye akili hupiga hesabu kwanza. Bamba la sentimita 60 kwa 100 hutoa vioo 12 vya sentimita 20 kwa 25, bila kubaki kitu, ikiwa zile 20 zimepangwa kwenye upande wa 60. Akivigeuza, atapata 10 tu na ukanda usiofaa kwa kipimo hicho. Tena kila kioo hupunguzwa milimita 2 au 3 kuliko nafasi ya fremu, kwani mbao huvimba kwa unyevu na huweza kukipasua.

Katika viwanda vikubwa kazi hii hufanywa kwa mashine. Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza njia ya kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, kikatoka sawa pande zote mbili. Kiwanda cha vioo vya namna hiyo kilizinduliwa Mkuranga, Tanzania, mwezi wa Septemba 2023. Katika viwanda vya sasa gurudumu huendeshwa na mota na kuongozwa na kompyuta. Lakini hata hilo hukwaruza tu, kisha kioo huvunjwa. Mashine hushinda palipo na vioo mia vya kipimo kimoja. Mteja mmoja aliyeleta picha moja ya kipimo chake, mkono wa fundi wamtosha.

Jambo la mwisho lamhusu mwenye picha. Pwani ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika. Picha ikigusa kioo hunata, na ikibanduliwa, sura hubaki kiooni. Yafaa fundi aambiwe aweke kati yao karatasi nene iliyokatwa dirisha katikati, ili hewa ipite. Picha isitundikwe kwenye ukuta uvujao maji. Kama ya marehemu imekwisha kunata, isivutwe kwa nguvu wala kukabidhiwa mtu asiyejua. Na ipigwe picha nyingine ikiwa ingali kiooni, ipatikane nakala. Kioo kipya ndicho kifuate, kwa maana kioo hununuliwa tena, bali sura ya mzazi haina duka.