Injini Inayokohoa na Dawa Yake

Huku kwetu Uganda, hasa karibu na Ziwa Victoria, mvua za Machi hadi Mei zikinyesha majani hukua upesi, na kiwanja cha mpira kisipokatwa majuma mawili hugeuka kichaka. Ndipo mashine ya kukatia majani huanza ukaidi: yawaka, lakini inakohoa, inapanda na kushuka, au yazimika ikifika penye majani mazito. Nimeshughulika na mashine hizi miaka mingi, na nimeona watu wakimpelekea fundi ugonjwa ambao dawa yake ni kitambaa na brashi. Fedha hizo zingeweza kununua mpira.

Yafaa kwanza tujue injini inataka nini. Nyingi ni za mapigo manne: pistoni huvuta, hubana, husukumwa na moto, kisha hutoa moshi. Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini ya namna hii mwaka 1876, na kanuni yake ni ile ile hata leo. Basi yataka mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kadiri, cheche kwa wakati wake, na mbano mzuri ndani ya silinda. Injini ikikohoa, moja katika hayo limepungua.

Kabla ya kugusa kitu, zima injini, iache ipoe, kisha ng'oa waya wa plagi na kuuweka mbali. Ukikizungusha kisu kwa mkono unaizungusha na injini, nayo yaweza kuwaka na kukukata vidole. Kaa mbali na moto unaposhika petroli. Wala usiiwashe injini ndani ya stoo iliyofungwa, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Sasa tuanze na lililo rahisi.

Kwanza, petroli. Iliyokaa tangini zaidi ya mwezi huanza kuharibika na kuacha utando kama gundi. Mimina kidogo katika chupa nyeupe: kama ina maji, utayaona yamekaa chini, kwa maana maji ni mazito kuliko petroli. Tazama pia kifuniko cha tangi, kina tundu dogo la kuingizia hewa. Likizibwa na vumbi, injini huenda vizuri dakika chache, kisha huzimika. Legeza kifuniko, ikiendelea vema, umeuona ugonjwa.

Pili, chujio la hewa. La sifongo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likaushwe, lipakwe mafuta ya injini kidogo. La karatasi lisioshwe wala kupakwa mafuta. Likung'ute vumbi, au weka jipya. Chujio likiziba, moshi huwa mweusi, kwa kuwa petroli imezidi hewa. Choki iliyosahauliwa ikiwa imefungwa huleta dalili hiyo hiyo.

Tatu, plagi. Ifungue uisome kama kitabu. Ncha yenye rangi ya kahawia au kijivujivu ni ya injini nzima. Masizi meusi makavu yaonyesha petroli nyingi. Ikilowa mafuta mazito, mafuta ya injini yanaingia katika silinda. Isafishe, upime nafasi ya cheche. Katika injini nyingi ndogo ni karibu milimita 0.75, lakini fuata kitabu cha mashine yako.

Nne, kabureta. Injini inayopanda na kushuka bila kutulia mara nyingi inapata petroli kidogo kuliko hewa. Rudisha waya wa plagi, uiwashe, mikono na miguu iwe mbali na kisu, kisha funga choki kidogo. Ikitulia, tundu la petroli limeziba, au hewa inaingia penye gasketi ya kabureta. Zima, ng'oa waya tena, funga petroli, ufungue bakuli la chini na kulisafisha. Tundu lipulize kwa hewa. Usilichokonoe kwa waya wa chuma, maana likipanuka, kipimo chake kimepotea.

Tano, mashine iliyogonga jiwe. Kisu kikipinda, mashine nzima hutetemeka. Tena kuna kipande kidogo cha chuma kinacholishika gurudumu zito la injini mahali pake. Kikikatika, cheche huja wakati usio wake. Hilo mpeleke fundi. Hali kadhalika moshi wa buluu pamoja na nguvu kupungua: huenda mbano umekwisha, na brashi haitasaidia.

Jambo moja nasisitiza: tengeneza kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwa kingine. Anayebadili vitatu kwa mara moja, injini ikipona hajui imeponywa na nini, na kesho ataanza tena gizani. Pikipiki, pampu ya maji na jenereta ya petroli zina tabia hizo hizo. Dalili ya mvua ni mawingu. Injini nayo husema mapema inapoumwa, na mwenye kuisikiliza hutumia senti chache mahali ambapo mwingine atatumia maelfu.